Mbuzi ndani ya kompyuta ya mzamiaji

Leo naomba tuache siasa kidogo, tuzungumzie kuzamia. Najua nikisema kuzamia, mtu wa Dar anakumbuka mara moja vijana wanaojificha kwenye meli bandarini wakiitafuta Ulaya au Sauzi. Hao siwasemi. Nasema wale wanaobeba mtungi wa hewa mgongoni, wakavaa miwani na mapezi, wakashuka chini ya bahari kuangalia samaki na matumbawe huko Mnemba, Pemba na Mafia. Na nayasema haya nikiwa Singida, mamia ya kilomita kutoka pwani, mkoa wa alizeti, kuku wa kienyeji na upepo. Mjini tuna maziwa mawili, Singidani na Kindai, yote ya maji ya chumvi, na heroe ndio wanaoyafaidi kuliko sisi. Sasa mtaniuliza, mwandishi wa habari wa Singida na kuzamia, wapi na wapi?

Sababu ninayo. Vijana wengi wa bara siku hizi wanafanya kazi kwenye hoteli za Unguja, na baadhi yao wamejifunza kuzamia na sasa wanawaongoza watalii chini ya maji. Mmoja wao, kijana wa Manyoni anayefanya kazi Nungwi, aliniuliza swali ambalo nililiona dogo: amejikusanyia fedha za kununua kompyuta yake ya kwanza ya kuzamia, anunue ipi? Nikadhani nitasoma matangazo ya biashara mawili matatu nimjibu. Nilichokuta ni historia ya zaidi ya miaka mia moja, na historia hiyo katikati yake kuna mbuzi. Bahari hatuna Singida, lakini mbuzi tunawajua.

Kwanza kifaa chenyewe. Kompyuta ya kuzamia inafanana na saa kubwa ya mkononi. Ndani yake kuna kipima mgandamizo, saa, na programu ya hesabu. Kila sekunde chache inaangalia uko kina gani na umekaa huko muda gani, kisha inakuambia dakika zilizobaki kabla hujalazimika kupanda, kama unapanda haraka mno, na kama unatakiwa kusimama njiani. Mzamiaji anaiamini kama dereva anavyoamini geji ya mafuta. Tofauti ni kwamba geji inapima mafuta kweli. Kompyuta haikupimi wewe hata kidogo. Inapima maji, halafu inakisia yanayotokea ndani ya mwili wako.

Inakisia nini? Hewa tunayovuta, karibu asilimia 78 yake ni naitrojeni, ambayo mwili hauna kazi nayo. Ukishuka chini ya maji mgandamizo unaongezeka, na kwa kila mita 10 unaongezeka kiasi kinacholingana na uzito wa anga lote lililo juu yetu. Mgandamizo ukizidi, naitrojeni inayeyuka ndani ya damu, misuli na mafuta ya mwili. Ukipanda polepole, inatoka kwa njia ya mapafu bila kelele. Ukipanda haraka, ni kama kufungua chupa ya soda iliyotikiswa: vinatokea viputo. Viputo hivyo vikikaa kwenye viungo, utapata maumivu makali. Vikienda kwenye uti wa mgongo, unaweza kupooza. Madaktari wana jina refu la ugonjwa huo, mimi humu nitauita ugonjwa wa viputo.

Walioanza kuumwa hawakuwa wazamiaji wa starehe. Walikuwa vibarua. Katika karne ya 19 Ulaya na Marekani walianza kujenga misingi ya madaraja mtoni kwa kutumia masanduku makubwa yaliyojazwa hewa ya mgandamizo ili maji yasiingie. Kibarua alichimba humo kwa saa kadhaa, akatoka, akaenda nyumbani, na jioni akajikunja kwa maumivu. Daraja la Brooklyn huko New York liliwaumiza wafanyakazi wengi kwa namna hiyo, na mhandisi wake mkuu, Washington Roebling, aliugua mwaka 1872 akabaki mgonjwa. Mkewe Emily ndiye aliyekuwa akipeleka maagizo yake kwa mafundi hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 1883. Mwaka 1878 Mfaransa Paul Bert alichapisha kitabu kikubwa akionesha kwamba chanzo ni viputo vya naitrojeni, na akashauri watu wapunguziwe mgandamizo polepole. Tatizo lilikuwa moja: polepole kiasi gani? Hakuna aliyekuwa na namba.

Hapo ndipo mbuzi wanapoingia.

Jeshi la Wanamaji la Uingereza lilikuwa na wazamiaji wake na lilitaka namba hiyo. Kazi akapewa John Scott Haldane, mwanasayansi wa Kiskoti aliyezoea kujifungia mwenyewe ndani ya hewa chafu ili aone itamfanya nini. Akishirikiana na Arthur Boycott na ofisa wa jeshi Guybon Damant, alitumia tangi la chuma katika Taasisi ya Lister jijini London. Humo ndani waliwaingiza mbuzi, 85 kwa jumla. Waliwaongezea mgandamizo, wakawaacha kwa muda, kisha wakaushusha na kutazama. Kwa nini mbuzi? Kwa sababu ukubwa wa mwili wake unamkaribia binadamu kuliko panya au sungura, na kwa sababu akiumwa anaonekana. Mfugaji yeyote wa Ikungi au Iramba anamtambua mbuzi asiyekanyaga vizuri akiwa bado mbali. Mbuzi wa Haldane mwenye viputo kwenye goti aliunyanyua mguu wa mbele akakataa kuukanyagia. Mguu huo ulionyanyuliwa ndio ulikuwa kipimo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1908.

Haldane aligundua jambo ambalo halikutarajiwa. Mbuzi akitolewa kwenye mgandamizo mara mbili ya ule wa kawaida na kurudishwa kwenye wa kawaida ghafla, kwa kawaida haugui. Mwili unavumilia kupunguziwa hadi nusu. Kwa hiyo mzamiaji aliye mita 30, ambako mgandamizo ni mara nne ya ule wa juu, anaweza kupanda hadi mita 10, ambako ni mara mbili. Baada ya hapo anapanda kwa vituo, akisimama kila mara ili naitrojeni itoke. Damant na mwenzake Andrew Catto walikwisha kuyajaribu hayo kwa miili yao mwaka 1906, wakashuka zaidi ya mita 60 katika maji ya Scotland na kurudi salama.

Jambo la pili ndilo lililo kwenye mkono wa mzamiaji hadi leo. Haldane alijua kwamba mwili haujai naitrojeni wote kwa kasi moja. Damu na ubongo hujaa upesi, mafuta na viungo hujaa taratibu. Akauhesabu mwili kana kwamba ni ndoo tano zinazochota kwenye bomba moja, kila moja na upana wake wa mdomo. Ya kwanza inajaa nusu kwa dakika 5, ya mwisho kwa dakika 75. Ndoo hizi hazipo mwilini. Ukimpasua mtu huzikuti. Ni njia ya kuhesabu tu. Lakini ukinunua kompyuta leo, iwe ya kampuni gani, uwezekano mkubwa ni kwamba ndani yake kuna ndoo za namna hiyo zinazojazwa na kumwagwa kila unapoingia majini. Zimeongezwa tu, basi.

Baada ya Waingereza wakaja Wamarekani. Jeshi lao la majini lilirekebisha majedwali ya Haldane kwa miaka mingi, na yale ya miaka ya 1950 ndiyo yaliyosambaa duniani pamoja na mtungi wa kisasa ambao Jacques Cousteau na Émile Gagnan waliufanikisha Ufaransa mwaka 1943. Hapa nina kisa kimoja kinachonifurahisha. Kwa miaka mingi wazamiaji walifundishwa kupanda mita 18 kwa dakika. Ukidhani namba hiyo ilitoka maabara, umekosea. Wanajeshi waogeleaji walitaka kupanda haraka zaidi ya hapo, wazamiaji wa zamani wenye kofia za shaba na viatu vya risasi hawakuweza kasi hiyo, basi wakakubaliana katikati. Namba ya kikao! Leo mashirika mengi ya mafunzo yanasema kama mita 9 au 10 kwa dakika, na kompyuta nyingi zitakupigia kelele ukizidisha.

Kumbuka pia majedwali hayo yalipimwa kwa nani. Askari wa majini, wanaume, vijana, wenye afya, chini ya usimamizi wa daktari. Sasa weka hapo mama wa miaka 55 aliyekuja likizo, au mwongoza watalii aliyelala saa nne, hajanywa maji tangu asubuhi, na leo anazamia mara ya tatu. Hesabu ni ileile.

Mashine zilikuja taratibu. Mwaka 1959 Italia walitoa kifaa kisicho na umeme, ambacho gesi ilipenya polepole kwenye kizuizi kidogo kuigiza mwili. Kilikuwa sawa na ndoo moja tu, na kwa mtu anayezamia mara kwa mara kwa siku kiliweza kumdanganya vibaya. Kompyuta za kweli za umeme ziliingia sokoni mwaka 1983, Edge ya Marekani na Decobrain iliyotoka Ulaya. Miaka michache baadaye zikaja ndogo za mkononi kama zile za Suunto na Aladin, na majedwali ya plastiki yakaanza kubaki kabatini.

Mwaka huohuo wa 1983 daktari wa Zurich, Albert Bühlmann, alichapisha kitabu chenye hesabu zake zote. Wengine walificha zao, yeye aliziweka wazi, na ndiyo maana kompyuta nyingi leo zinatumia kanuni yake. Ndoo zake zilifika 16, ya mwisho ikichukua dakika 635 kujaa nusu. Lakini kinachotuhusu sisi wa Singida ni kitu kingine. Bühlmann alikuwa Mswisi. Nchi yake haina bahari, ina maziwa ya milimani. Kwa hiyo alilazimika kuuliza swali ambalo wanamaji hawakuwa na sababu ya kuliuliza: mtu akizamia mahali palipoinuka, ambako hewa ni nyepesi, inakuwaje? Mwaka 1987 hesabu zake zilipelekwa kujaribiwa hadi Ziwa Titicaca huko Amerika ya Kusini, takriban mita 3,800 juu ya usawa wa bahari.

Hebu tuifanye hesabu hiyo hapa kwetu. Singida mjini ni kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 84 au 85 ya ule wa Forodhani. Tuseme Singidani lingekuwa na kina cha mita 18 na mtu akazamia humo. Mwili wake ungerudi kwenye hewa nyepesi, kwa hiyo viputo vingepata nafasi zaidi. Angetakiwa kusoma majedwali ya baharini kana kwamba ameshuka zaidi ya mita 21. Kwa Singida huo ni mfano tu wa darasani. Kwa Ziwa Victoria si mfano. Ziwa lile liko mita 1,134 juu ya bahari, na mita 20 za huko zinahesabika kama karibu mita 23 za Zanzibar. Wazamiaji wa jeshi la majini la Afrika Kusini walioitwa Mwanza baada ya MV Bukoba kuzama tarehe 21 Mei 1996 walifanya kazi kwenye mwinuko huo, ndani ya meli iliyojaa maiti. Vivyo hivyo wazamiaji wetu waliomtoa hai fundi wa MV Nyerere, siku mbili baada ya kivuko hicho kupinduka mwezi Septemba 2018. Kompyuta isiyojua mwinuko ingewapa muda usio wao. Zipo zinazojipima zenyewe, zipo ambazo lazima uziwekee kwa mkono. Hilo ni swali la kwanza la kuuliza dukani kwa yeyote anayeweza kuitwa kazini Mwanza au Kigoma.

Na hata asiyezamia ziwani linamhusu, kwa sababu ya safari ya kurudi nyumbani. Baada ya kuzamia, kompyuta nyingi zinaonesha alama ndogo ya ndege na saa zilizobaki. Maana yake usipande ndege kwanza, kwa kuwa ndani ya ndege mgandamizo ni mdogo. Ushauri uliozoeleka kwa aliyezamia bila kuhitaji vituo ni angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na saa 18 kwa aliyezamia mara nyingi au siku mfululizo. Ushauri huo unaanzia kwenye mwinuko wa mita 600 hivi. Sasa kijana wetu wa Nungwi amemaliza kazi saa tano asubuhi. Anaangalia alama, anacheka: mimi sina nauli ya ndege, naenda na boti halafu treni. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inatoka Dar hadi Dodoma kwa chini ya saa nne. Morogoro bado yuko chini kidogo ya mita 600. Dodoma amepita 1,100. Akiunganisha gari usiku huohuo kupitia Manyoni, alfajiri yuko Singida kwenye 1,500, na saa 18 bado hazijatimia. Damu yake haijui kama alikata tiketi ya ndege au ya basi. Kompyuta imechora ndege, haikuchora basi la Singida. Ningependa kila kijana wa bara anayefanya kazi hiyo alijue jambo hili kabla ya kujua bei ya kompyuta.

Je, hesabu imekamilika? Hapana. Mwishoni mwa karne iliyopita wataalamu walianza kuhesabu viputo vyenyewe, na ikaja imani kwamba mzamiaji wa kina kirefu asimame mapema zaidi, kule chini, kabla ya vituo vya kawaida. Kompyuta kadhaa zikauzwa kwa sifa hiyo. Mwaka 2011 Wanamaji wa Marekani walichapisha jaribio la kulinganisha watu waliosimama chini zaidi na waliosimama juu zaidi, muda wa jumla ukiwa sawa. Waliougua walikuwa wengi zaidi kwenye kundi la vituo vya chini. Imani ikayumba, na baadhi ya watengenezaji wamerudi kwa Bühlmann. Kwa hiyo mwenye duka akikuambia kompyuta yake ina hesabu mpya kuliko zote, usiharakishe kutoa pochi. Mpya si lazima iwe ya kweli zaidi.

Basi ukiniuliza ununue ipi, nakurudisha kwenye historia hiyo. Tafuta yenye kanuni inayojulikana, ambayo unaweza kuiongezea tahadhari mwenyewe, kwa sababu haijui kama jana ulikuwa na malaria. Iwe inajua mwinuko. Iwe inakubali hewa iliyoongezwa oksijeni, maana vituo vingi vya kuzamia vinaitumia. Namba zake uzisome bila kukodoa macho kwenye maji ya tope, kwani rangi nzuri za dukani hazikusaidii kitu huko chini. Betri yake iwe unayoweza kuipata au kuichaji unakoishi, si ya kutumwa Ulaya. Saa za bei kubwa zinazopima pia usingizi na hatua zako ni nzuri, lakini ile ya bei ya chini ya kampuni inayoaminika ina ndoo zilezile. Na iwe yako peke yako. Kompyuta inakumbuka mbizi za asubuhi za mkono ulioivaa. Ukimwazima mwenzako mchana, itakuwa inahesabu mwili usiokuwepo.

Nimalizie na wasionunua kabisa. Katika bahari hiihii wapo wanaoshuka kwa mtungi kutafuta majongoo ya bahari, bidhaa ambayo sisi hatuli, inakwenda Asia. Mvuvi wa namna hii analipwa kwa alichoibua, na majongoo ya karibu yakiisha anafuata ya chini zaidi. Watalii waliolipa dola wanashuka na kompyuta mbili, ya mwongozaji na ya kwao. Anayeshuka kutafuta chakula cha watoto anaweza kushuka bila hata jedwali la mwaka 1908. Yanayoweza kutokea tunayajua kutoka Honduras, ambako wazamiaji wa kamba wa jamii ya Wamiskito waliishia kwenye viti vya magurudumu kwa mamia. Mwaka 2021 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ililitia hatiani taifa hilo kwa kushindwa kuwalinda, katika kesi ya wazamiaji 42. Mahakama haikuulizia zaidi kifaa. Iliuliza nani alifaidika na kazi ile na nani alipaswa kuisimamia. Nadhani nasi waandishi tunapaswa kuliuliza swali hilo Unguja na Pemba kabla hatujapata kesi yetu.

Kwa sasa, kama una ndugu anayezamia, mfikishie haya machache. Maumivu ya bega au goti baada ya kutoka majini, ganzi ya miguu, kushindwa kukojoa, yasiitwe uchovu wala baridi yabisi, na asisubiri kesho. Asirudishwe chini ya maji ati viputo viyeyuke tena. Alazwe, apewe oksijeni kama ipo, apelekwe hospitali, na daktari aambiwe waziwazi kwamba huyu mtu alikuwa anazamia, kina gani na kwa muda gani. Mbuzi wa Haldane hakuweza kusema, akanyanyua mguu. Sisi tuna mdomo.

Wadau wa Zanzibar na Mwanza, mnaojua zaidi yangu, uwanja ni wenu.